Nyoka Mgeni

Katika nchi nyingi wako watu wafugao nyoka. Wengine huwafuga ili watu waje kuwatazama, wengine ili kukamua sumu ya kutengenezea dawa ya waliogongwa na nyoka. Huko Ulaya na Marekani chatu hufugwa hata majumbani. Mfugaji apatapo nyoka mpya hufurahi, akatamani kumweka mara moja pamoja na wenzake. Mfugaji mwenye busara hafanyi hivyo.

Nyoka mgonjwa aweza kuonekana mzima kabisa. Yako maradhi ya chatu yawezayo kujificha mwilini miezi mingi, yasionekane. Tena uko utitiri, mdudu mdogo kama nukta, ajifichaye chini ya magamba na kando ya macho, akinyonya damu. Mdudu huyu hutambaa kutoka kizimba hata kizimba. Nchini Uswisi maradhi yaliingia katika nyumba moja ya nyoka wenye sumu, wakafa wengi; habari zake ziliandikwa mwaka 1976. Baadaye wataalamu walijua kwamba yaliletwa na virusi vidhuruvyo mapafu.

Basi nyoka mpya hutiwa karantini. Neno hili asili yake ni neno la Kiitalia lenye maana ya arobaini. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, uitwao Dubrovnik siku hizi, uliamuru kwamba wageni watokao penye tauni wakae mbali siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye, mahali pengine, siku zikawa 40.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Lakini nyoka mgeni hukaa peke yake siku 60 hadi 90, na chatu huzidishiwa. Hukaa katika chumba mbali na wengine. Kizimba chake hutandikwa karatasi nyeupe, ili kinyesi na utitiri vionekane upesi. Chombo chake cha maji na koleo lake havitumiwi kwa nyoka mwingine. Kila siku mfugaji huwahudumia kwanza nyoka wa zamani, na mgeni mwisho, kisha hunawa mikono kwa sabuni.

Siku hizo zote humwangalia. Je, anakula? Anapumua kwa shida, au kutoa povu kinywani? Analala majini daima? Huenda utitiri unamsumbua. Kinyesi chake hupelekwa kwa daktari wa wanyama kupimwa. Dalili moja ikionekana, hesabu ya siku huanza upya baada ya kupona.

Nanyi, watoto, msimshike kamwe nyoka wa porini. Lakini fundisho hili lafaa hata kwa kuku: mgeni mmoja asiyetengwa aweza kulimaliza banda zima.

Maswali
1. Kwa nini haitoshi kumtazama nyoka siku moja tu?
2. Kwa nini nyoka mgeni huhudumiwa mwisho?
3. Nyumbani kwenu kukiletwa kuku mpya, mtamweka wapi, na kwa nini?