Kabla ya Kupandisha Notisi Mtandaoni

Semista iliyopita kikundi chetu cha semina kilinipa kazi: kugeuza notisi za Word kuwa ukurasa wa wavuti, kila mtu asome kwenye simu. Nikakopi, nikapesti, nikaona mambo safi. Kesho yake mwenzetu asiyeona akaniambia, “Kaka, humu hamna vichwa. Nasikiliza kurasa ishirini mfululizo, sijui mada ya pili inaanzia wapi.”

Nilishangaa, maana vichwa vilikuwepo, tena vikubwa! Kumbe nilikuwa nimekuza herufi na kukoleza wino tu. Jicho linaona kichwa, ila kompyuta inaona aya yenye herufi nene. Ukurasa wa wavuti huandikwa kwa HTML, yaani alama zinazosema kila kitu ni nini: h1 ni kichwa kikuu, h2 kichwa kidogo, p aya, ul orodha. Mwenzetu anatumia NVDA, programu inayomsomea skrini kwa sauti. Akibonyeza H, inaruka hadi kichwa kinachofuata. Bila alama hizo, haina pa kurukia.

Basi fanya hivi.

Kwanza, rekebisha ndani ya Word. Chagua kichwa, nenda Styles, weka Heading 1. Vichwa vidogo weka Heading 2. Orodha tumia kitufe chake, usichape vistari kwa mkono.

Pili, geuza. Kwenye Save As chagua “Web Page, Filtered”. Ile “Web Page” ya kawaida hubeba msimbo mwingi wa Word yenyewe. Faili linanenepa, bando la msomaji linaisha. Mimi napenda zaidi Pandoc, programu ya bure. Fungua dirisha la amri kwenye folda yenye faili lako, chapa:

pandoc notisi.docx -s --extract-media=picha -o notisi.html

Hiyo -s hukupa ukurasa kamili. Picha zote huwekwa kwenye folda ya “picha”; ukisahau kuipandisha pamoja na ukurasa, picha hazitaonekana.

Tatu, kagua. Fungua ukurasa kwenye kivinjari, tazama msimbo wake, tafuta h1 na h2. Usipoziona, rudi Word urekebishe pale, kisha geuza tena.

Nilirudia kazi usiku uleule. Asubuhi mwenzetu akabonyeza H mara tatu, akafika mada ya pili, akaanza kusoma. Sisi tunasomea ualimu jamani. Tusisubiri mwanafunzi atuambie kwamba amebaki nje.