NOTI ZILIZOPIGANA VITA

Wenzangu wengi hukusanya stempu. Mimi hukusanya noti za Uingereza za wakati wa vita. Ninazo tatu tu, lakini nimezichunguza mpaka mjomba wangu aliyenipa ya kwanza ananiita Gavana.

Tuanze mwaka 1914. Vita vilipozuka, Waingereza walikimbilia sarafu zao za dhahabu, kila mtu akificha zake. Wakati huo noti ndogo kabisa ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa ya pauni 5, hela nyingi kwa mtu wa kawaida. Hazina ya serikali ikachapisha haraka haraka noti za pauni 1 na za shilingi 10. Haraka gani hiyo! Za kwanza zilipigwa chapa kwenye karatasi ya stempu za posta, upande mmoja tu. Watu walizibandika jina la Bradbury, kwa kuwa saini iliyokuwa juu yake ni ya John Bradbury, katibu wa Hazina. Kwa uzuri hazina lolote, lakini wakusanyaji huzililia.

Vita vya pili vilileta hila zaidi. Mwaka 1940, kwa kuhofia noti bandia, Benki Kuu iliibadilisha pauni 1 kutoka kijani ikawa bluu, na shilingi 10 ikawa zambarau. Ndani ya karatasi ukapitishwa uzi wa madini, jambo ambalo halikuwa limefanywa kwenye noti za benki hapo awali. Hebu inua noti yako ya Kenya uitazame kwenye mwanga. Umeuona uzi? Basi asili yake ndiyo hiyo.

Hofu ile haikuwa ya bure. Katika kambi ya Sachsenhausen, Wajerumani waliwalazimisha wafungwa Wayahudi wapatao 140 kughushi noti nyeupe za Uingereza za pauni 5, 10, 20 na 50. Noti hizo zilikuwa na maandishi meusi upande mmoja, nyuma tupu, kwa hiyo mtu angedhani kuziiga ni mchezo. Si mchezo! Ilibidi karatasi itengenezwe kwa matambara yaliyokwisha kutumika, kwa sababu ya matambara mapya haikufanana na ile halisi. Kisha wafungwa walizikunja, wakazisugua kwa mikono na kuzitoboa kwa pini, maana makarani wa benki kule Uingereza walikuwa na mazoea ya kuzishikanisha kwa pini. Na hapa ndipo mwili unaponisisimka: wafungwa hao walijua kwamba kazi ikiisha, nao wataisha. Wakawa wanaivuta kazi polepole. Walikombolewa Mei 1945 huko Ebensee, Austria, wakiwa hai. Noti nyingi bandia zilitoswa katika ziwa Toplitz.

Kwa mkusanyaji, basi, tundu la pini si hoja ya kuamini noti nyeupe. Tazama uzi: pauni 5 yenye uzi ilianza kutolewa mwaka 1945.

Benki yenyewe ilikuwa imeshachoka. Mwaka 1943 iliacha kutoa noti za pauni 10 na kuendelea. Ya 10 ilirudi mwaka 1964, ya 20 mwaka 1970, na ya 50 ikangoja hadi 1981.