MIPAKA YA AFRIKA NA MGENI ANAYEVUKA

Waliokuwa wanafunzi wetu watakumbuka tulivyowachorisha ramani ya Afrika mpaka chaki ikaisha. Pwani haikuwasumbua. Mipaka ya ndani ndiyo iliyowatoa jasho, na swali lao lilikuwa moja: nani aliyeichora?

Mingi ilipatanwa na wakubwa wa Ulaya, hasa baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Hawakumwuliza Mnyakyusa wa Kyela, wala ndugu yake Mngonde aliye ng'ambo ya Mto Songwe.

Mwezi Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo na, kwa hoja ya Mwalimu Nyerere, wakakubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco hazikuridhika. Sisi twaona ulikuwa uamuzi wa busara, ingawa mchungu; kila mmoja angedai chake, na vita visingekoma.

Lakini kuheshimu mpaka si kufunga mlango. Mwaka 1969, huko Addis Ababa, nchi hizo zilitia sahihi mkataba unaomhesabu kuwa mkimbizi hata aliyekimbia vita na machafuko, si yule tu anayewindwa kwa dini au siasa yake. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakazaa. Watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa 2014.

Sasa tuje kwetu. Barabara kuu ya Tunduma hupita Makambako, na kwa njia hii vijana wa Ethiopia husafirishwa kwa siri kwenda Afrika Kusini. Juni 2012 maiti zaidi ya 40 zilikutwa mkoani Dodoma; walikuwa wamekosa hewa ndani ya lori. Wengi hutafuta kazi tu, kama wazee wa nyanda hizi walivyokwenda migodini huko huko kwa Wenela.

Sheria humwadhibu anayewasafirisha na anayewaficha, na ni haki. Je, mmoja wao akibisha hodi usiku, ana kiu? Tulijadiliana na wazee wenzetu hapa Mahongole, wala hatukupatana. Mmoja alisema aitwe mwenyekiti wa kijiji mara moja. Sisi tulisema maji kwanza, kisha mwenyekiti. Akacheka: "Mwalimu, na akiisha kunywa akatoroka?"