Wasia kwa Mnunuzi wa Subaru ya Tabo Iliyokwisha Tumika

Tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally katika Kenya mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, na Richard Burns akashinda kwa gari la jina hilo hilo mwaka 2000, mapenzi ya watu wa pande zetu kwa magari hayo yamezidi, wala si ajabu. Lakini gari literemshwalo Mombasa au Dar es Salaam limekwisha kuwa na maisha yake Japani, na alinunuaye kwa ajili ya kasi yake hununua pamoja nayo taabu zote alizolitia mwenyewe wa kwanza.

Injini ya EJ20, ambayo aghalabu ndiyo hukutwa ndani yake, ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto; na tabo yake, izungushwayo na moshi wa ekzosi mizunguko ipitayo laki moja kwa dakika, haina mlinzi ila utando mwembamba wa oili. Oili hiyo yaweza kupungua kwa siri, kwa kuwa injini huichoma kidogo kidogo bila tone kuonekana chini ya gari, mpaka beringi za krenki zikakosa ulainisho zikaanza kugonga. Na asikiaye mgongano huo huwa amekwisha chelewa. Basi pima oili kwa stiki kila ujazapo petroli, gari likiwa mahali pa sawa na injini imezimwa kitambo, na uibadilishe kila kilomita 5,000, hata muuzaji akiapa kwamba 10,000 hazidhuru.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga valvu zikapinda, na gharama yake yaweza kukaribia bei ya injini nyingine. Madhali mita ya kilomita yaweza kurudishwa nyuma, pasipo hati ya gereji hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa, uuweke mpya pamoja na puli zake na pampu ya maji, ambayo huzungushwa na mkanda huo huo, ili ujira wa fundi ulipwe mara moja.

Fauka ya hayo, injini nyingi za namna hii ziliundwa kwa petroli ya daraja ya juu ya Japani. Zikipewa iliyo duni na kusukumwa kwa nguvu, petroli huripuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na pistoni zikapasuka penye ringi. Gari lililoongezwa nguvu za tabo na fundi asiyejulikana nalihofia kuliko lenye mikwaruzo mwili mzima.

Nenda kulitazama asubuhi na mapema, na baada ya kusalimiana weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, muuzaji amekwisha liwasha, na moshi wa buluu na mgongano wa injini baridi, uliyokuja kuyatafuta, yamkini yamekwisha pita. Mwombe akuruhusu urudi kesho.