Kuipitia Orodha ya Mnyororo: Je, "Salama" Ni Salama?

Makala haya yanachunguza jambo moja katika uandishi wa programu za ngazi ya chini, yaani zile zinazoendesha tarakilishi yenyewe: namna ya kuipitia orodha ya mnyororo bila kupotea njiani. Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani halimhusu, kwani sehemu ya tatizo imejificha ndani ya neno "salama".

Orodha ya mnyororo huundwa kwa pingili. Kila pingili hubeba data yake pamoja na kielekezi, yaani anwani ya pingili inayofuata. Tuchukulie chama cha akina mama wa Eastlands, Nairobi. Mweka hazina hukusanya michango nyumba kwa nyumba, kutoka Jericho hadi Buruburu na Umoja. Hana daftari la anwani. Kila mwanachama anaujua mlango wa mwenzake mmoja tu, na wa mwisho humrejesha mweka hazina kwake.

Sasa mama mmoja wa Buruburu anahama. Mweka hazina akimuaga kwanza, kisha akarudi mlangoni pale kuuliza njia, atakuta nini? Pengine nyumba tupu. Pengine mpangaji mpya, atakayemwelekeza apendako yeye. Au mapazia ya zamani bado yananing'inia, naye adhani hakuna kilichobadilika. Na hili ndilo baya zaidi. Katika lugha ya C, ambamo mwandishi wa programu mwenyewe huomba na kuachilia kumbukumbu, sehemu iliyoachiliwa si lazima ifutike papo hapo. Programu yaweza kufaulu majaribio yote, kisha ianguke siku nyingine, au impe mdukuzi mwanya wa kupanga humo data yake.

Dawa yake ni kuuliza anwani ya anayefuata kabla ya kumuaga anayehama. Kiini cha mfumo wa Linux kina kitanzi maalumu kinachofanya hivyo kwa kielekezi cha pili, na jina lake limebeba neno lenye maana ya "salama". Jina hilo linaahidi mno. Kitanzi hicho hustahimili kuondolewa kwa pingili iliyo mkononi tu. Mchakato mwingine ukiiondoa ile inayofuata, anwani iliyowekwa akiba haifai tena. Hapo panahitajika kufuli. Kwa maoni yangu, mfasiri angekiita "kitanzi cha kuondolea", maana hiyo ndiyo kazi yake.

Upo mtego mwingine mwishoni. Orodha za Linux ni duara, na kichwa cha duara si mwanachama. Mweka hazina aliyezunguka kote bila kumpata amtafutaye hufika mlangoni pake mwenyewe. Akiudhania kuwa wa mwanachama, atajidai mchango. Mnamo Februari 2022, marekebisho yaliyopendekezwa na mtafiti Jakob Koschel yalizua mjadala kuhusu kielekezi kinachotumiwa baada ya kitanzi kwisha. Linus Torvalds alitaka kielekezi kitangazwe ndani ya kitanzi, kife nacho. Kanuni za C za mwaka 1989, zilizofuatwa na kiini hicho, hazikuruhusu. Toleo la 5.18 la Mei 2022 lilihamia kanuni za 2011, zinazoruhusu. Hata hivyo, vitanzi vingi bado hupokea kielekezi kilichotangazwa nje, na mwandishi mwangalifu huongeza kingine, kinachojazwa pale tu pingili inayotafutwa inapopatikana.