Kabla Hujasambaza, Uliza ni Kifungu Gani

MJUKUU: Nyanya, tazama nilichotumiwa WhatsApp: Bunge la Kenya limepitisha ushuru wa mkate! Nawatumia wenzangu sasa hivi.

NYANYA: Hebu nione, mjukuu wangu. Picha hii haina tarehe, haina jina la mswada, haina nambari ya kifungu. Aliyeiandika hakutaka kuulizwa. Mkate ulitajwa katika Mswada wa Fedha wa 2024, utozwe kodi ya VAT ya asilimia 16, na pendekezo hilo liliondolewa hata kabla ya wabunge kupiga kura. Usiitume.

MJUKUU: Lakini si mitandao hiyo hiyo iliyowafanya vijana waandamane barabarani mwaka ule?

NYANYA: Ndiyo, ila watu husahau kilichotangulia. Vijana waliusoma mswada wenyewe. Waliueleza TikTok kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Wengine wakaunda programu ya akili bandia ya kujibu maswali juu yake. Mbunge alipopigiwa simu, aliulizwa kuhusu vifungu vyenyewe. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaukataa. Siku hiyo vijana waliuawa kwa risasi, na mtoto yeyote anayefundishwa uraia asifichwe jambo hilo. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini.

MJUKUU: Kwa hiyo mpaka tuandamane ndipo tusikizwe?

NYANYA: Kuandamana kwa amani ni haki yako, Kifungu cha 37 cha Katiba. Lakini cha 118 kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Tangazo la kuomba maoni hutolewa magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, nawe unamwandikia Karani wa Bunge, hata kwa baruapepe. Taja kifungu, sema kitamuumiza nani, pendekeza kiandikwe vipi. Matusi hayaingii kwenye ripoti ya kamati.

MJUKUU: Na kaunti yetu?

NYANYA: Hapo ndipo mmelala! Macho yote yako Nairobi. Mdhibiti wa Bajeti huchapisha kila robo mwaka matumizi ya kaunti zote 47: kiasi gani kimeliwa na safari, kiasi gani kimekwenda kwenye maendeleo. Ripoti iko mtandaoni, bure. Makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Waite wenzako, msome mapema kurasa za kaunti yetu ya Mombasa, kisha mwende kwa mwakilishi wadi wenu na maswali yaliyoandikwa.