Mhariri anataka nijaze umati

*Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea, Meru. Mhariri ameniagiza niongeze watu kwenye picha ya mkutano wa mwanasiasa. Nikikataa nitanyimwa kazi? — Mwenye Hofu, Makutano*

Huenda ukanyimwa, sikufichi. Ila kanuni za uanahabari chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinataka picha zisichezewe hadi zipotoshe habari. Kurekebisha mwanga, sawa. Kupandikiza watu, hapana. Mpe mhariri picha nyingine halisi, na uhifadhi faili asilia pamoja na ujumbe wake. Akishikilia, peleka malalamiko kwa Baraza.

Usilinganishe hili na picha za kejeli, ambazo hazidai kuonyesha tukio halisi. Kijana wa Embu aliyedaiwa kusambaza picha ya Rais iliyoundwa kwa akili mnemba alitekwa Desemba 2024, akaachiliwa Januari. Yeye hakuwa akiripoti habari, wewe unaripoti.